Somo: Kulinganisha makwotabeki wawili kwa takwimu (Murray na Tagovailoa, 2018)

Kila msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani watu hubishana nani kwotabeki bora (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), na wengi hushika namba moja tu inayombeba mtu wao. Leo tutumie msimu wa 2018: Kyler Murray wa Oklahoma na Tua Tagovailoa wa Alabama. Ni vigumu kupata wawili waliokaribiana hivi, ndiyo maana wanafaa kwa kujifunzia.

Hatua ya 1: Andika namba ghafi

Chukua msimu mzima, mechi za mwisho zikiwemo.

Murray, mechi 14: alirusha pasi 377, zikafika 260, yadi 4,361, tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani) 42, zilizonaswa na wapinzani 7.

Tagovailoa, mechi 15: alirusha pasi 355, zikafika 245, yadi 3,966, tachidauni 43, zilizonaswa 6.

Murray ana yadi 395 zaidi, lakini alirusha pasi nyingi zaidi. Usiseme lolote bado.

Hatua ya 2: Gawanya kwa idadi ya pasi

Pasi zilizofika: asilimia 69.0 kwa wote wawili. Yadi kwa kila pasi: Murray 11.6, Tagovailoa 11.2. Pasi zilizozaa tachidauni: asilimia 11.1 kwa 12.1. Zilizonaswa: asilimia 1.9 kwa 1.7. Kwa hiyo Murray anafika mbali kidogo zaidi kwa kila pasi, Tagovailoa anafunga mara nyingi zaidi na kupoteza mara chache zaidi.

Hatua ya 3: Kokotoa alama ya ufanisi

Tumia kanuni ya NCAA (chombo kinachosimamia michezo ya vyuo), kwa sababu ile ya NFL (ligi ya kulipwa) ni nyingine kabisa. Zidisha yadi kwa 8.4, tachidauni kwa 330, pasi zilizofika kwa 100, kisha jumlisha. Toa pasi zilizonaswa mara 200. Gawanya kwa pasi zote zilizorushwa.

Ya Murray: 36,632.4 + 13,860 + 26,000 − 1,400 = 75,092.4. Gawanya kwa 377, unapata 199.2. Tagovailoa anapata 199.4.

Tofauti ya 0.2 haimtangazi mshindi yeyote. Angalia pia uzito uliomo ndani ya kanuni: tachidauni moja inahesabiwa sawa na yadi 39 hivi, na pasi iliyonaswa inakata kama yadi 24. Uzito huo umepangwa na watu. Ukiona kupoteza mpira ni kosa kubwa kuliko hapo, kanuni hii haikubaliani nawe.

Hatua ya 4: Uliza namba ni za tarehe gani

Hapa ndipo wengi wanapopotoshana. Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, ilitolewa tarehe 8 Desemba 2018, akaichukua Murray. Siku hiyo alama yake ilikuwa 205.7 na ya Tagovailoa 202.3. Tarehe 29 Desemba timu zao zikakutana kwenye Orange Bowl, iliyokuwa nusu fainali ya taifa, Alabama ikashinda 45-34. Kisha Alabama ikapigwa 44-16 na Clemson kwenye fainali, na Tagovailoa akanaswa pasi mbili. Mechi hizo zilipoingizwa, Murray akashuka hadi 199.2 na Tagovailoa hadi 199.4. Mmoja akisema Murray alikuwa juu na mwingine akasema Tua, wote wanaweza kuwa sahihi.

Hatua ya 5: Ongeza mbio

Alama ya ufanisi haihesabu mbio hata kidogo. Murray alikimbia na mpira mara 140, yadi 1,001, tachidauni 12. Tagovailoa mara 57, yadi 190, tachidauni 5. Ukijumlisha pasi na mbio, Murray ana yadi 5,362 na tachidauni 54. Tagovailoa yadi 4,156 na 48. Murray alibeba mashambulizi (pasi na mbio pamoja) karibu mara 37 kwa mechi, mwenzake mara 27 hivi, na bado kila shambulizi lake lilizaa yadi 10.4 dhidi ya 10.1. Kwangu mimi mzigo huu ndio unaoamua, na kura yangu ni ya Murray.

Hatua ya 6: Tazama timu

Ulinzi wa Oklahoma ulikuwa unavuja: walishinda 48-47 dhidi ya Oklahoma State na 59-56 dhidi ya West Virginia. Murray hakuwa na nafasi ya kupumzika. Alabama ilishinda mechi nyingi mapema, na Tagovailoa mara nyingi alikaa benchi robo ya nne. Ndiyo maana takwimu za kila mechi zinamwonea. Za kila pasi hazimwonei.

Maswali ya wanachama

Mkuu, kwotabeki akiangushwa kabla hajarusha, yadi zinakatwa wapi?

Kwenye vyuo zinakatwa kwenye mbio zake. Hizo 1,001 za Murray ni baada ya makato. NFL hawafanyi hivyo, kwa hiyo usichanganye mbio za chuo na za NFL kwenye jedwali moja.

Mwalimu, si walikutana Orange Bowl? Kwa nini tusiamue kwa mechi hiyo?

Hawakukabana wao kwa wao, ndugu yangu. Kila mmoja alikabiliana na ulinzi wa mwenzake. Tagovailoa alifikisha pasi 24 kati ya 27, tachidauni 4, alama 236.7. Murray 19 kati ya 37, alama 139.1, huku timu yake ikiwa nyuma 28-0 mapema. Na kama mechi moja inatosha, basi chukua ile dhidi ya Georgia, fainali ya SEC (ligi anayochezea Alabama): Tagovailoa alifikisha 10 kati ya 25, akanaswa mara mbili, akaumia kifundo cha mguu, na kwotabeki wa akiba Jalen Hurts ndiye aliyeingia kumalizia ushindi wa 35-28.

Naomba fomula ya lahajedwali, mkuu.

Weka yadi B2, tachidauni C2, zilizofika D2, zilizonaswa E2, zilizorushwa F2. Kisha andika: =(8.4*B2+330*C2+100*D2-200*E2)/F2. Jaribu kwanza na namba za Murray; isipotoka 199.2, kuna safu umezibadilishana.