Kuandaa Gari la Kwanza la Fowili kwa Njia Mbovu: Kipi Kitangulie

Fedha ya kwanza utakayotumia kwenye gari lako la fowili (linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne) isiende kwenye springi ndefu wala winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba). Iende kwenye vile ambavyo tayari vimechakaa: oili, bushi, beringi, mipira ya rejeta. Gari lisilobadilishwa chochote lakini zima, lenye matairi mazuri na dereva anayejua kutoa upepo, hupita mahali ambapo gari lililonyanyuliwa lenye boljointi mbovu hukatikia. Baada ya uzima wa gari ndiyo yaje matairi na upepo, halafu vifaa vya kujinasua, halafu kinga ya maji na mawe. Springi zije mwisho. Wengi hugeuza mpangilio huu, na ndiyo sababu hutumia fedha mara mbili.

Chungulia chini kabla ya kubadilisha kitu

Nyanyua gurudumu moja la mbele, weka stendi chini ya chesisi au ekseli, kisha lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki palepale, tafuta kwenye boljointi au kingipini, yaani viungo ambavyo gurudumu hugeukia. Shika tena kushoto na kulia: mchezo wa upande huo mara nyingi hutoka kwenye tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Rudia upande wa pili. Kazi nzima haifiki nusu saa, nayo hukuambia mengi kuliko kulisikiliza gari barabarani.

Paipu za mpira za breki zikunje kidogo kwa vidole. Ukiona nyufa, badilisha zote, siyo moja. Tikisa betri. Ikisogea hata kidogo, ifunge upya, kwa sababu njia yenye makorongo huirusha hadi vichwa vya waya vinalegea, na siku mbaya kichwa cha chanya hugusa chuma.

Oili za difu zote mbili (boksi za gia katikati ya ekseli), gia boksi na transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) zimwage kama hujui zilibadilishwa lini. Fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukianza na ya kumwagia, kisha ya kujazia ikakataa kutoka, umebaki na difu tupu na gari lisilotembea. Oili iliyotoka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Badilisha na utafute yalikopitia. Nati nyingi za kumwagia zina sumaku. Unga laini wa kijivu uliojikusanya hapo ni wa kawaida, lakini vipande vya chuma unavyoweza kuvihesabu ni jino linalomeguka.

Jaribu fowili yenyewe kabla hujaihitaji. Nenda kwenye udongo au kokoto, ingiza 4H (fowili ya mwendo wa kawaida), kisha simama kabisa, weka gia huru na uingize 4L (fowili ya mwendo mdogo wenye nguvu). Magari mengine yana habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Zisipofungwa, taa ya fowili inaweza kuwaka na bado magurudumu ya mbele yasivute. Itumie fowili angalau mara moja kwa mwezi, kilomita chache tu, ili oili izunguke na mitambo isigande. Ila usiitumie kwenye lami kavu kama gari halina difu ya katikati. Kwenye kona magurudumu ya mbele huenda umbali mrefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo isipopata pa kutokea, hujikaza ndani ya transfa na propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli). Utajua kwa usukani kuwa mzito na lever kukataa kutoka. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, itaachia.

Matairi na upepo

Hapa ndipo fedha inapoonekana haraka kuliko mahali pengine popote. Kwa anayeanza, tairi la AT (la njia zote) linatosha: linashika kwenye kokoto, mchanga na tope la kawaida, halipigi kelele sana, na breki zake kwenye lami yenye maji ni nzuri kuliko za MT (la tope). Tairi la MT lina kashata (vinundu vya mpira vya usoni) kubwa zenye nafasi pana za kutema tope. Kama hupiti tope zito kila wiki, utakuwa unalibebea kelele na mafuta bure. La muhimu zaidi ni muundo. Chagua yenye herufi LT (Light Truck, yaani gari jepesi la mizigo) mwanzoni mwa saizi. Ubavu wake ni mzito zaidi, na mawe makali hukata ubavu kuliko yanavyotoboa uso.

Soma umri wa tairi ubavuni. Mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka 6 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litoke hata kama kashata ni nzima, kwa sababu mpira umekauka. Tairi la akiba ndilo husahaulika zaidi. Liwe la saizi ileile na hali ileile. Dogo au lililoisha huifanya difu ifanye kazi muda wote kusawazisha tofauti.

Usikimbilie saizi kubwa. Kutoka inchi 29 hadi 31 za kipenyo ni ongezeko la karibu asilimia 7: spidomita ikisoma 100, wewe uko kwenye 107, gari linazidi kuwa zito kuondoka, na breki zina kazi kubwa zaidi. Kabla ya kununua, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili na upime nafasi iliyopo kwenye madgadi na chesisi.

Sasa upepo. Nunua geji nzuri kabla ya kitu kingine chochote, maana kukisia kwa macho au kwa teke hakufai. Pima asubuhi gari likiwa limepoa. Tairi likipata moto, upepo huweza kupanda psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 4 hadi 6. Kwa gari la ukubwa wa kati lisilobebeshwa sana, anzia hapa: lami, kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, ambacho mara nyingi ni kati ya psi 29 na 36, kokoto na makorongo madogo, 24 hadi 28, tope, 18 hadi 22, mchanga mlaini, 15 hadi 18. Gari likiwa limejaa mizigo, ongeza kidogo kila kiwango.

Piga magoti kando ya tairi uone tofauti. Kwenye psi 32 ubavu umesimama wima. Kwenye 16 umefura kidogo sehemu ya chini, na alama iliyobaki mchangani imerefuka kwenda mbele na nyuma, kama unyayo mrefu. Urefu huo ndio unaokupitisha: uzito umegawanyika, tairi linaelea badala ya kuchimba. Wanaoanza hukanyaga mafuta wakati walipaswa kutoa upepo. Gurudumu likizunguka bila kusogea kwa sekunde mbili, achia. Kila mzunguko unaoongeza hapo ni shimo unalojichimbia.

Chini ya psi 15 ni kwa dharura tu. Tairi laweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona ghafla, kwa hiyo mwendo uwe wa polepole na usukani ugeuzwe taratibu. Hata kwenye 18 usizidi kilomita 40 kwa saa. Ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza kabla ya kuondoka: ubavu unaojikunja kwa kasi hupata moto na tairi hupasuka kilomita nyingi baadaye, wakati umeshasahau.

Kwa hiyo pampu ya umeme ni lazima, siyo anasa. Tafuta inayotoa angalau lita 70 kwa dakika na inayofungwa moja kwa moja kwenye betri kwa vibano. Zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la sigara huunguza fyuzi au hupata moto kabla ya kumaliza tairi la pili. Injini iwe inanguruma wakati wote wa kujaza. Wakati wa kutoa, hesabu sekunde ulizotumia kwenye tairi la kwanza, utumie hesabu hiyohiyo kwa yale mengine, kisha uhakikishe kwa geji.

Pa kufungia kamba

Hili linaua watu, kwa hiyo lisomwe taratibu. Vipete vyembamba vilivyoko chini ya magari mengi vimewekwa ili gari lifungwe melini au kwenye lori. Havikuundwa kuvutia gari lililonasa. Na mpira wa chuma wa kuvutia trela usifungiwe kamba ya kunasulia kamwe: ukikatika huruka kama risasi na kupita kwenye kioo. Kazi yako ni kuhakikisha kuna ndoano au jicho la kuvutia mbele na nyuma, lililofungwa kwa bolti kwenye chesisi na kuandikwa uwezo wake. Nyuma, kama una tundu la mraba la trela, unaweza kuweka kipande maalumu chenye shakeli (pete ya chuma inayofungwa kwa pini).

Shakeli iwe imeandikwa uwezo. Ya tani 4.75 ndiyo ya kawaida kwa magari haya. Kaza pini yake kwa mkono hadi mwisho, kisha irudishe robo mzunguko, la sivyo baada ya kuvutwa haitafunguka.

Kamba ziko za aina mbili na hazibadilishani kazi. Ya nailoni hutanuka karibu asilimia 20 na hutumika gari zima linapochukua mwendo kidogo kulichomoa lililonasa. Ya poliesta haitanuki. Ni ya kuvuta gari bovu barabarani au kuongeza urefu wa winchi. Ukichukua mwendo kwa kamba isiyotanuka, kitu kitang'oka. Kamba ya kunasulia iwe na nguvu mara 2 hadi 3 ya uzito wa gari jepesi kati ya mawili. Kwa gari la tani 2.5 likiwa na mizigo, kamba ya kati ya tani 5 na 7.5 iko sawa. Weka blanketi zito au mfuko wa mchanga katikati ya kamba, na wasiohusika wote wasimame mbali kuliko mara moja na nusu ya urefu wake.

Lakini mara nyingi koleo na mbao mbili za kukanyagia zinatosha. Chimba mbele ya magurudumu yote manne, toa udongo uliogusa difu au tumbo la gari, shusha upepo zaidi, ndipo uweke mbao. Beba pia kipande cha ubao mnene cha sentimita 40 kwa 40 cha kuweka chini ya jeki. Bila hicho jeki huzama mchangani badala ya gari kunyanyuka. Winchi inaweza kusubiri mwaka mzima, hasa kama hutembei peke yako.

Maji, vumbi na mawe

Difu hupumua kupitia tundu dogo juu ya ekseli. Ikiwa na moto kisha ikazama kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu hilo au oili sili. Chomeka mpira mwembamba kwenye pumulio, upandishe hadi ndani ya boneti juu kabisa, ufunge kichujio kidogo mwishoni. Acha mpira uwe na ulegevu wa kutosha ekseli ishuke bila kuukata. Fanya hivyo kwa difu zote mbili, gia boksi na transfa. Ni kazi ya mchana mmoja na vifaa vyake ni vichache, nami naiweka mbele ya snokeli (bomba linalopandisha juu mdomo wa hewa ya injini).

Snokeli husaidia sana kwenye vumbi na maji, mradi imezibwa kila kiungo. Ijaribu: injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, funika mdomo wake kabisa kwa kipande cha mpira. Injini izimike au ianze kukosa pumzi. Ikiendelea kunguruma kama kawaida, inavuta hewa mahali pengine, na mahali hapo ndipo maji yatapita. Chunguza pia tundu la kutolea maji chini ya boksi la ea klina. Maji yakifika ndani ya silinda hayabanwi kama hewa. Kinachopinda ni koni rodi, fimbo inayosukumwa na pistoni.

Chini, weka bamba la chuma linalolinda sampu (bakuli la oili la injini), kisha transfa na tangi. Liwe na matundu ya kumwagia oili bila kulifungua, na ulisafishe: majani makavu yakijikusanya karibu na bomba la moshi huwaka.

Springi

Ukifika hapa, nyanyua hadi milimita 50, usizidi. Zaidi ya hapo shafti za mbele hukaa kwa pembe kali na kulika, paipu za breki huwa fupi na usukani hupoteza utulivu. Kumbuka pia kwamba kwa gari lenye ekseli nzima, springi hazinyanyui difu. Ni tairi pekee linaloinyanyua. Chagua springi kwa uzito unaoubeba kila siku, siyo kwa safari moja ya mwaka. Bampa la chuma na winchi peke yake vyaweza kuongeza zaidi ya kilo 80 mbele. Baada ya kufunga, fanya alaimenti na ushushe mwelekeo wa taa.

Ukirudi

Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia nguvu, hasa kilomita 50 hadi 100 baada ya kutoa tairi lolote. Piga grisi kwenye propela hadi grisi safi ianze kutoka. Osha chini ya gari na ndani ya rimu, upande usioonekana, maana tope likikaukia hapo usukani hutetemeka ukishika kasi, na watu hupeleka gari alaimenti mara mbili kabla ya kuchungulia nyuma ya gurudumu.