Kutoka kasha moja hadi shirika la kata: namna ya kukuza kikundi cha wanawake na mabinti bila kukivunja

Mwongozo huu ni wa kikundi cha hisa cha wanawake, hapa Tanzania Bara, yaani kikundi ambacho wanachama hununua hisa kila wiki, fedha zikawekwa kwenye kasha moja, wakakopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko. Kikundi hicho kimeshamaliza mzunguko mmoja au miwili, wanachama wamegawana fedha zao kwa amani, na sasa majirani wanabisha hodi wakitaka kuingia. Hapo ndipo vikundi vingi vinapopotea. Watu wanaongezwa mpaka hamsini, unafunguliwa mradi wa kuku, anakuja mtu wa kuahidi ufadhili, na kabla mwaka haujaisha kasha halifunguliwi tena.

Kwanza jipimeni

Chimbuko la vikundi vya aina hii, vya kuweka na kukopeshana, ni Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, na vilitengenezwa kwa ajili ya wanawake ambao wengi hawakujua kusoma. Ndiyo maana kila jambo hufanyika mbele ya macho ya wote. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, hisa inagongwa mhuri kwenye daftari la mwanachama, na salio linakaririwa na kikao kizima kabla kasha halijafungwa. Kikao kijacho kinaanza kwa kuulizana: wiki iliyopita tuliacha shilingi ngapi? Kama wanachama wako hawawezi kujibu swali hilo bila kumtazama katibu, msikue bado.

Kamati iwe ya watu watano: mwenyekiti, katibu, mtunza kasha na wahesabu fedha wawili. Kasha liwe na kufuli tatu, na funguo zake tatu zikae kwa wanachama watatu wa kawaida walio nje ya kamati, wasio ndugu wala wakwe wa mtunza kasha. Anayelala na kasha nyumbani asiwe na ufunguo hata mmoja.

Idadi nzuri ni watu 20 hadi 25, na isipite 30. Kikao cha watu 25 kinamalizika kwa saa moja na nusu. Wakifika 40 kinachukua saa tatu, akina mama wanaanza kutuma hisa kwa mtoto au kwa jirani, na anayetuma hisa haoni hesabu. Wizi katika vikundi huanzia kwenye madaftari ya watu wasiohudhuria.

Chukueni mfano huu mpige hesabu zenu. Hisa moja ni shilingi 2,000, na mwanachama ananunua kati ya hisa moja na tano kwa wiki. Wanachama 25 wakinunua wastani wa hisa tatu, kila kikao kinaingiza 150,000. Kwa wiki 48 hiyo ni 7,200,000, yaani hisa 3,600. Tuseme riba na faini zimeleta 1,440,000. Jumla 8,640,000 igawanywe kwa hisa 3,600, kila hisa inarudi na 2,400, na mama aliyenunua hisa 144 anaondoka na 345,600. Mfuko wa jamii wa shilingi 500 kwa kila mtu kwa wiki unakusanya 600,000 kwa mzunguko. Huo haukopeshwi wala hauchanganywi na hisa, kwa sababu ni wa msiba, ugonjwa na uzazi.

Mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mkopaji, na usianze kutolewa kabla ya wiki ya 12. Marejesho yasizidi miezi mitatu. Kosa linalovuruga mgao kuliko yote ni kuendelea kukopesha mpaka mwisho. Kwa mzunguko wa wiki 48, mkopo wa miezi mitatu utolewe mara ya mwisho wiki ya 36. Baada ya hapo iwe mikopo ya mwezi mmoja tu, na wiki ya 42 kukopesha kusimame kabisa. Wiki sita za mwisho ni za kukusanya madeni.

Swali moja liulizwe kila mara kabla ya kuidhinisha mkopo: una deni la kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kubwa? Mama anayechukua fedha za kikundi kulipa mkopo wa mtaani hana chanzo cha kurejesha. Atalipa mwezi wa kwanza, atakwepa kikao mwezi wa pili, na aibu itamtoa kikundini kabisa. Msikilizeni faragha, mpangieni marejesho madogo ya deni lile la nje, na hisa zake aendelee kuweka hata moja moja. Kumfukuza ni kumrudisha kwa mkopeshaji yuleyule.

Tarehe ya mgao nayo ina uzito. Mjini wengi wanapenda katikati ya Desemba, kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kwa wakulima, mgao uje kabla ya mbegu kununuliwa. Kasha likishafika mamilioni, fedha zisilale nyumbani kwa mtu: zipelekwe akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na risiti ya benki isomwe kikaoni.

Zaeni vikundi

Wakija watu 20 wapya, waanzishiwe kasha lao. Msiwaingize katikati ya mzunguko, maana aliyeanza wiki ya kwanza ataona mgeni anakula riba ambayo hakuihangaikia, naye mgeni ataona anabaguliwa kwenye mikopo.

Kikundi kipya kinahitaji mwezeshaji kutoka kikundi mama, mtu aliyewahi kuwa katibu au mhesabu fedha na ambaye hajawahi kuchelewesha deni. Ratiba ya ziara zake inayofanya kazi ni hii: kila wiki kwa wiki 12 za mwanzo, kila wiki mbili kwa miezi mitatu inayofuata, kisha mara moja kwa mwezi, na lazima awepo siku ya mgao wa kwanza. Asishike vikundi vichanga zaidi ya vinne kwa wakati mmoja. Akishika vinane atakuwa anapita kusalimia tu.

Mwezeshaji alipwe, na alipwe na kikundi anachokifundisha. Wanachama 20 wakitoa shilingi 300 kila mmoja kwa ziara, anapata 6,000, nauli na posho ndogo. Akilipwa na mradi wa nje, siku mradi unapoisha ziara zinaisha, na vikundi vichanga vinakufa vikiwa na miezi minne. Pia asiguse fedha. Kazi yake ni kuelekeza mikono ya wengine ihesabu, na akianza kuandika daftari mwenyewe kikundi hakitajifunza.

Mwavuli na mfuko wake

Vikifika vikundi vinne au vitano, undeni mwavuli, yaani chombo kimoja cha kuviunganisha vyote. Kila kikundi kinachagua wajumbe wawili wa mkutano wa mwavuli. Mmoja asiwe kiongozi, ili sauti ya mwanachama wa kawaida ifike.

Mwavuli unahitaji fedha zake, ndogo na za uhakika. Vikundi sita vya watu 25, kila mtu akichangia shilingi 200 kwa wiki, ni 30,000 kwa wiki, sawa na 120,000 kwa mwezi. Hapo kuna nauli za kufuatilia mambo halmashauri, kuchapa nyaraka, na ziara moja ya ukaguzi kwa kila kikundi. Fedha hizi ziwe na daftari lake na akaunti yake.

Sheria moja iandikwe kwa herufi kubwa kwenye katiba: mwavuli haukopeshi wanachama wala hauazimi fedha kwenye makasha. Uongozi ukishaanza “kuazima kidogo” kutoka kikundi A kulipia hafla ya shirika, kikundi A kitashindwa kugawana kwa wakati, na habari hiyo itawafikia wanachama wa vikundi vyote sita kabla ya jioni.

Kuwafikia mabinti

Hapa moyo huwa mwepesi kuliko maandalizi. Kabla ya kufungua klabu ya mabinti, tafuteni walezi wawili kwa kila mabinti 20 hadi 25. Mtu mzima asibaki peke yake na binti ndani ya chumba, awe mwanamke au mwanamume. Mahali pawe wazi, panapoonekana na wapita njia lakini maneno yasisikike barabarani. Muda wa saa nne hadi saa sita asubuhi Jumamosi unafaa wanafunzi wengi, kwa kuwa wameshafua na kuchota maji, na watarudi nyumbani jua likiwa juu. Walio nje ya shule, wakiwemo wafanyakazi wa ndani na mabinti waliokwisha kuzaa, wapangiwe siku yao, mara nyingi Jumapili alasiri.

Watenganisheni wa miaka 10 hadi 14 na wa 15 hadi 19. Wakikaa pamoja, wadogo wananyamaza na wakubwa wanaficha yanayowasumbua.

Mabinti wanaweza kuwa na kasha lao, hisa ya 200 au 500, na mgao mwanzoni mwa Januari kwa madaftari na sare. Mikopo msiwape walio chini ya miaka 18. Binti mwenye deni na asiye na kipato atatafuta mtu wa kumsaidia kulipa, na anayejitokeza haraka mara nyingi ni mwanamume mwenye nia yake.

Vikundi vingi huanza na taulo za kike za kufua, na ni kazi nzuri ikifuata mpangilio. Nendeni kwanza shuleni mkatazame choo: kuna maji, sabuni, komeo ndani ya mlango? Bila hivyo taulo itakaa mkobani. Shoneni chache, wapeni mabinti kumi kwa miezi mitatu, kisha waulizeni zinavuja wapi, zinakauka kwa muda gani. Kitambaa cha juu kiwe cha pamba, ndani tabaka za taulo au fulana nzito, chini kitambaa kisichopitisha maji, na vifungo pembeni. Kila binti anahitaji tano au sita. Wafundisheni kuloweka kwa maji ya baridi, maana ya moto yanagandisha doa, kisha kufua kwa sabuni na kuanika juani waziwazi. Wengi huanika chini ya godoro kwa aibu, nako hazikauki, zinaota ukungu na kuwasha. Kwa hiyo somo hili liwafikie akina mama wa nyumba hizo pia, kwani wao ndio wenye kamba ya kuanikia.

Mtakapoaminika, binti mmoja atasema jambo zito. Amueni mapema mtakachofanya. Msimhoji mara tatu, msiite kikao, na msikubali familia “zimalizane”. Kwa aliyebakwa, hospitali ni kabla ya saa 72, kwa kuwa dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU haifai baada ya hapo, na mapema zaidi ni bora. Asioge, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Andikeni namba za watu hawa ukutani leo, na mlezi mmoja aende kujitambulisha kwao kabla hajawahitaji.

Binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shule ya serikali tangu Novemba 2021. Kinachomzuia sasa ni mtoto kukosa pa kukaa saa za masomo. Kikundi kikitafuta bibi mmoja wa kulea na kuchangia uji, kimemrudisha darasani.

Usajili na fedha za nje

Kikundi cha hisa kinasajiliwa halmashauri, kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Mwavuli unaotaka kuwa shirika lisilo la kiserikali unafuata Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, na unasajiliwa kwa Msajili wa mashirika hayo, na unaweza kuchagua ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Chagueni wilaya. Usajili wa taifa kwa shirika la kata moja unawaletea ada na taarifa za mwaka zinazowazidi nguvu.

Mikopo ya halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, haina riba. Ilisitishwa Aprili 2023, kisha ikarejeshwa. Vikundi huharibikiwa pale vinapopokea, tuseme, milioni 10 na kugawana 400,000 kila mmoja. Mradi ulioandikwa kwenye ombi haupo tena, na deni linabaki la wote. Ombeni kiasi ambacho shughuli yenu ya sasa inaweza kurejesha hata ikipata mwezi mbaya.

Mfadhili akitoa zaidi ya shilingi milioni 20, kanuni zinataka mkataba uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Wekeni hilo kwenye kalenda siku hiyohiyo. Na msipokee fedha zinazozidi mno zile mnazokusanya wenyewe kabla hamjawa na mhasibu, hata wa muda.

Mwisho, ukomo wa uongozi uandikwe, miaka mitatu, mara mbili. Siku ya makabidhiano orodhesheni kasha, mihuri, madaftari, vitabu vya risiti, na watia saini wapya benki. Vinavyosahaulika ni laini ya simu na nywila ya barua pepe ya shirika. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mwanzilishi, ndiyo inayopokea ujumbe wa benki, naye akihama mkoa au akifariki, wanachama mia na hamsini wanabaki na shirika lisiloweza kupokea hata ujumbe. Isajilini upya kwa jina la shirika kabla ya uchaguzi wa kwanza.