Spektrografu kwenye darubini: anza na taa, nyota ya Sirius itasubiri

Wengi wetu tukishafunga spektrografu (kifaa cha kutandaza mwanga wa nyota uwe rangi zake) kwenye darubini tunakimbilia nyota, tunapiga picha nzuri ya rangi zote afu tunakaa kuitolea macho, maana hatujui pikseli ipi ni nanomita ngapi za urefu wa wimbi, yaani ni rangi ipi hasa. Dawa yake ni taa ambayo namba za mistari yake zinajulikana. Mi nimepoteza usiku kibao hivyo. Hapa naongelea spektrografu ndogo ya mwanya, yaani mwanga unaingilia kwenye ufa mwembamba, aina ya Alpy 600 na ndugu zake.

Fokasi ya spektrografu yenyewe ifanye mchana, mezani, ukiwa na chai yako. Tafuta ile enejiseva ya zamani ya tubu lililojisokota, siyo LED, ile ina zebaki ndani. Iwashe mbele ya mwanya, kwenye skrini itatokea mistari michache mikali, kwa nanomita: 404.7, 435.8, 546.1 ya kijani, halafu mapacha wa njano 577.0 na 579.1. Hao mapacha ndo kipimo chako. Zungusha lensi taratibu mpaka uone giza katikati yao, wakiwa donge moja bado hujafika. Ukimaliza angalia na upande wa bluu, mara nyingi njano ikikaa vizuri bluu inavimba kidogo, gawanya hasara. Zungusha na kamera mpaka mistari isimame wima, kaza skrubu, na kuanzia hapo usiguse tena, hata mtu akikwambia "hebu nione".

Usiku unapoifunga kwenye darubini kuna fokasi ya pili, na hapa watu wanachanganya sana: hii unaifanya kwa kirungu cha darubini, spektrografu unaiacha kama ilivyo, lengo ni nyota iwe kali pale pale kwenye mwanya. Darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1000, hewa ikiwa ya kawaida na nyota imetanuka sekunde 3 za tao (digrii moja ina sekunde 3600), inatoa kitone cha kama mikroni 15, kwa hiyo mwanya wa mikroni 25 unakipitisha chote. Ukienda milimita 2000 kitone kinafika 29 na mwanga mwingine unamwagika pembeni. Kwenye kamera ya kufuatilia, ile inayotazama mwanya, utajua umelenga ukiona nyota imekatwa na mstari mweusi, ambao ndo mwanya wenyewe, imebaki na masikio mawili, moja kila upande, na yawe sawa, sikio moja likikua ujue nyota inatoroka.

Sasa taa ya usiku. Zebaki inakupa bluu na kijani, kwa wekundu unahitaji neoni, na neoni unayo nyumbani: kile kitaa chekundu cha kwenye ekstensheni, au cha ndani ya testa ya fundi umeme. Siku hizi vingine ni LED, utajua tu, LED inatoa rangi iliyotandazwa wakati neoni inatoa msitu wa mistari. Ile ya kushika ni 585.2, 614.3, 640.2, 667.8 na 703.2. Usifungue kitu chochote chenye umeme wa ukutani, weka ekstensheni nzima mbele ya darubini na upige ekspoja ndefu.

Na upige taa darubini ikiwa imeelekea nyota ile ile: taa, nyota, taa tena. Mi niliwahi kupiga taa jioni mezani nikaona inatosha, kuja kupima Sirius mstari wa haidrojeni wa 656.3 ukawa umehama pikseli mbili, kwa hesabu ile Sirius ilikuwa inatukimbia zaidi ya kilomita 300 kwa sekunde, wakati ukweli inatusogelea kwa kilomita 5 na nusu tu. Kumbe chuma kilikuwa kimepoa na kamera inaning'inia upande mwingine.

Kwenye programu ya kuchakata picha (ISIS ya Christian Buil ni ya bure) chagua mistari sita au zaidi iliyosambaa kote, tumia polinomia ya daraja la tatu, yaani mlinganyo wa kugeuza pikseli kuwa nanomita. Ule mnene wa 611 wa enejiseva uache, unatoka kwenye ungaunga wa ndani ya tubu na hauna kilele safi. Picha za giza (kamera ikiwa imefunikwa) na za taa ya halojeni piga pia, hizo hazina stori.

Halafu ndo Sirius. Katikati ya Februari saa tatu usiku, kwa sisi wa Dodoma na Dar, iko karibu utosini, na mistari yake ya haidrojeni ni mipana huwezi kuikosa: 656.3, 486.1, 434.0, 410.2. Ikikaa mahali pake yote minne, geukia kusini kwenye nyota ya Gamma Velorum. Hapo badala ya mistari kuchimbika inapanda juu kama vichuguu, kaboni kwenye 465, 569.6 na 580, na sasa namba unazosoma ni zako kweli.