Laptopu haiwaki? Pima EC kabla hujaing'oa

Adapta imechomekwa, unabonyeza kitufe, kimya. Hapo wengi wetu huitupia lawama EC (embedded controller), ile chipu bapa ya mraba, mara nyingi yenye miguu 128. Ni mjukuu wa Intel 8042 iliyosimamia kibodi ya IBM PC/AT mwaka 1984, ila kazi zimeongezeka: inasoma vitufe, inaendesha feni, inaongea na betri, na bila ruhusa yake bodi haiamki. Mezani utakutana sana na IT8586E ya ITE na KB9012 ya ENE.

Hatua ya 1: Toa kibodi
Chomoa adapta na betri, kisha utepe wa kibodi. Niliwahi kuletewa laptopu iliyomwagikiwa chai ya maziwa, EC yake imeshabadilishwa kwingine. Nainua kibodi, sisimizi kibao. Sukari ilikuwa imeshika njia ya kitufe cha kuwashia na kuilaza kwenye ardhi (GND, upande hasi wa bodi) muda wote. Kibodi ikatoka, nikagusisha pini mbili za kitufe kwa kibano, mashine ikawaka. Mwenyewe alikuwa ameshalipia chipu bure.

Hatua ya 2: Pima umeme unaoilisha EC
Tafuta mchoro wa bodi kwa namba iliyochapwa juu yake. Kwanza, bila umeme, pima omu kati ya njia ya volti 3.3 na ardhi. Kama hakuna shoti, washa adapta upime volti. Michoro mingi huiita +3VL au +3VALW. Ukikuta sifuri, hujafika kwenye EC bado. Rudi nyuma kwenye saketi ya chaja na ya kutengeneza volti 3 na 5. Ukikuta volti imezama na EC inaunguza kidole, basi ina kesi ya kujibu.

Hatua ya 3: Kitufe na kifuniko
Njia ya kitufe ikae 3.3, ishuke sifuri ukibonyeza. Pima pia LID_SW#, njia ya kihisi cha kifuniko. Kihisi cha sumaku kikifa, EC huamini kifuniko kimefungwa, na baadhi ya mashine hugoma kuwaka kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 4: Saa na programu
Kama mchoro unaonyesha kristali ya 32.768 kHz (inayoipa chipu mapigo ya saa), iangalie kwa oskiloskopu. KB9012 ina kumbukumbu yake ya ndani ya KB 128. EC nyingine husoma programu yake kutoka chipu ya BIOS. Programu hiyo ikiharibika, utabadilisha EC mpaka kesho.

Hatua ya 5: Je, imejibu?
Hapa usiwe na haraka. RSMRST#, ishara ya EC kuiambia chipuseti (chipu kuu inayosimamia bodi) kwamba umeme wa kusubiri uko tayari, lazima ipande 3.3. Ukibonyeza kitufe, PBTN_OUT# ishuke kidogo kisha ipande: hiyo ni EC ikigonga mlango wa chipuseti. Chipuseti hujibu kwa kupandisha SLP_S4# na SLP_S3#, ishara za kutoka usingizini. EC ikigonga na mlango usifunguliwe, kosa liko ng'ambo ya pili.

Mashine ikiwaka lakini safu nzima ya vitufe imekufa hata kwa kibodi mpya, weka multimita kwenye kipimo cha diodi, pima njia za KSI na KSO (zinazounganisha vitufe na EC) moja baada ya nyingine kwenye soketi. Vipimo vyake vyote hufanana. Ile inayotofautiana na wenzake ndiyo mbovu; ifuate hadi mguu wa EC, mara nyingi utakuta kutu tu.

Hatua ya 6: Kubadilisha
Herufi za mwisho nazo zilingane: IT8586E ya FXA si ya AXA. Funika soketi za plastiki kwa utepe wa kuzuia joto, weka flaksi (dawa ya kulehemia) ya kutosha, linganisha nukta ya pini ya 1. Miguu imeachana milimita 0.4, kwa hiyo kagua kwa lenzi kama hakuna risasi iliyounganisha miwili. Usirudishe betri bado. Tumia pawasaplai ya mezani, uangalie amperi ukibonyeza kitufe.