Kumchagulia mtoto klabu ya sanaa za mapigano, hatua kwa hatua

Wazazi wengi huanza na swali la mchezo: karate, judo, taekwondo au jujitsu? Lina nafasi yake, lakini liwe la pili. Kinachomjenga mtoto au kumuumiza ni mtu anayesimama mbele ya darasa na namna anavyoiendesha saa ile moja ya mazoezi. Karate ya mwalimu makini na karate ya mwalimu mzembe hazifanani, hata kama sare ni moja na mikanda ni ya rangi zilezile.

Ndiyo maana mwongozo huu utakaa ukumbini kwa muda mrefu kuliko kwenye majina ya mitindo. Kipimo chake kikuu ni kimoja: mtazame mtoto dhaifu kuliko wote darasani. Bingwa wa klabu huenda amefika alipo kwa kipaji tu. Yule mdogo, mzito au mwoga, anayechanganya kushoto na kulia, ndiye atakayekuonyesha kama mwalimu anafundisha au anasimamia tu.

Hatua ya 1: Anza na umri na sababu

Mtoto wa chini ya miaka 6 usimtafutie ufundi wa kupigana. Anachohitaji ni kubiringika, kuanguka bila kuumia, kusimama kwa mguu mmoja na kutii neno "simama" papo hapo. Dakika 30 hadi 45 zinamtosha. Kati ya miaka 7 na 9 anaweza kukariri mfuatano wa mbinu na kufanya mazoezi na mwenzake bila kumuumiza. Kuanzia miaka 10 anahimili saa moja, hata saa moja na nusu. Mara 2 kwa wiki ndiyo kiasi kizuri cha kuanzia, maana akienda mara 1 husahau alichofundishwa kabla hajarudi.

Sababu nayo iwe wazi. Kama mtoto anaonewa shuleni, mazoezi yatampa kujiamini na ukakamavu, lakini hayatazima uonevu ndani ya mwezi mmoja. Zungumza na walimu wake wa shule wakati huohuo. Akiwa na pumu, kifafa, tatizo la moyo au aliwahi kuumia kichwa, daktari atangulie.

Hatua ya 2: Elewa tofauti za michezo

Judo, aliyoianzisha Jigoro Kano mwaka 1882, ni ya kushikana, kuangushana na kudhibitiana chini. Jujitsu ya Brazili hufanyika chini kwa sehemu kubwa. Mtoto anayependa kukumbatiana na kusukumana huipenda michezo hii haraka, na anayechukia kuguswa atateseka. Karate na taekwondo ni za ngumi na mateke, na zina mazoezi mengi ya peke yako, jambo linalomfaa mtoto mtulivu anayependa utaratibu.

Neno "karate" pekee halitoshi. Kwenye mashindano ya Shotokan na mitindo inayofuata kanuni za Shirikisho la Karate Duniani, pigo hudhibitiwa lisitue kwa nguvu. Kyokushin, mtindo mwingine wa karate, ni ya kugusana kikamilifu, yaani mapigo hutua kwa nguvu. Muulize mwalimu moja kwa moja: watoto wa umri wa mwanangu hupigana kwa nguvu kiasi gani, na wapi mwilini?

Ndondi ni jambo jingine, kwa kuwa kichwa ndicho shabaha halali. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na wenzao wa Kanada, kilitoa msimamo mwaka 2011 wa kupinga ndondi kwa watoto na vijana. Mazoezi ya miguu, kamba na mfuko wa kupiga hayana shida hiyo. Tatizo ni ngumi za kichwani.

Hatua ya 3: Andika orodha fupi

Klabu tatu zinatosha. Weka zile unazoweza kufika bila kuhangaika siku ya kawaida ya wiki, si Jumamosi tu. Klabu nzuri iliyo mbali huachwa baada ya miezi michache, na mtoto hubaki akidhani yeye ndiye aliyeshindwa.

Hatua ya 4: Kaa utazame kipindi kizima, mara mbili

Mara ya kwanza toa taarifa. Mara ya pili nenda bila taarifa. Klabu isiyoruhusu wazazi kutazama iondoe kwenye orodha hapohapo. Sababu ya kwamba wazazi huwavuruga watoto inaweza kuwa kweli kwa siku moja moja, lakini haiwezi kuwa sheria ya kudumu.

Fika dakika 10 kabla. Angalia kama sakafu imepigwa deki, kama kuna anayekanyaga mikeka kwa viatu, kama kucha na vidonda hukaguliwa. Choa, mapunye na majipu huenea kwa kugusana ngozi na kwa mikeka michafu, na klabu za kushikana ndizo zinazoathirika zaidi. Mikeka ioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu kila siku inayotumika. Mahali pa kuangushana panahitaji mikeka ya judo, ambayo kwa kawaida ina unene wa sentimita 4, iliyobanana bila nyufa za kuingiza kidole cha mguu. Mikeka ya kuunganisha ya sentimita 2 inafaa kwa mateke, si kwa kutupana. Nguzo na kingo za ukuta ziwe zimefunikwa.

Mazoezi yakianza, hesabu watu. Kwa watoto wa chini ya miaka 7, mtu mzima mmoja kwa watoto 8 ni uwiano mzuri, na kwa wakubwa mmoja kwa 15. Kijana wa mkanda wa kahawia, ule wa chini ya mweusi, anayesaidia ni msaada wa kweli, lakini usimhesabu kama mtu mzima.

Sasa chukua saa yako. Mchague yule mtoto dhaifu na upime dakika anazotumia akiwa amesimama kwenye foleni. Zikizidi nusu ya kipindi, darasa limejaa kupita kiasi au mwalimu hakujipanga. Mfuate kwa macho. Je, mwalimu humwita kwa jina? Anapokosea, huonyeshwa kitu kimoja cha kurekebisha, au hupigiwa kelele "fanya vizuri"? Anapolia, nani humfuata, na baada ya muda gani? Na wenzake je, humcheka? Watoto humtendea mnyonge jinsi walivyomwona mwalimu akimtendea, kwa hiyo kicheko cha darasa kinamhusu mwalimu kuliko watoto.

Tazama pia adhabu. Pushapu chache za darasa zima ni mazoezi. Kumrusha mtoto mmoja kichura mbele ya wenzake mpaka atoe machozi ni udhalilishaji, na hakuna ufundi unaopatikana humo. Fimbo na makofi havina nafasi yoyote.

Jihadhari hasa na mazoezi ya kunyoosha viungo. Mwalimu anayemkalia mtoto mgongoni au kumkandamiza mapaja ili apige msamba hajui mwili wa mtoto. Ncha za mifupa yake bado zina tabaka laini za ukuaji ambazo ni dhaifu kuliko kano na misuli inayozivuta, hivyo kinachoweza kuachia ni mfupa wenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, kuvunja mbao ngumu na kupiga pushapu za ngumi kwenye saruji si kwa watoto.

Hatua ya 5: Chunguza namna wanavyolinda kichwa

Hapa usione haya kuuliza sana. Japani, ambako judo hufundishwa shuleni, wanafunzi zaidi ya 100 walifariki katika judo ya shule kuanzia mwaka 1983 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wengi waliumia kichwa, na waliokuwa hatarini zaidi ni wanaoanza, waliotupwa kinyumenyume kabla hawajajua kuanguka. Somo lake ni la mpangilio wa mafunzo: mtoto ajue kuanguka kwanza, ndipo atupwe.

Mpangilio sahihi unaonekana kwa macho. Mtoto huanza akiwa amelala au ameketi, kisha anachuchumaa, kisha anasimama, na mwisho kabisa huangushwa taratibu na mtu anayemshikilia mkono. Kidevu kinabanwa kifuani, macho yakitazama fundo la mkanda ili kisogo kisiguse chini. Mikono hupiga mkeka karibu na mwili na haitangulizwi kuzuia anguko, la sivyo kifundo cha mkono au kiwiko huvunjika. Hatua hizi huchukua wiki kadhaa. Ukimwona mgeni wa siku ya pili akitupwa na mkubwa wake, ondoka.

Kofia ya kinga huzuia michubuko na mipasuko, lakini haizuii mtikisiko wa ubongo, kwa sababu ubongo hutikisika ndani ya fuvu hata nje kukiwa na sifongo. Kwa hiyo jibu la "tunavaa kofia" halitoshi. Muulize mwalimu: mtoto akipigwa kichwani akasema anaona kizunguzungu, mnafanya nini? Jibu linalokubalika ni kwamba anatolewa, harudi mazoezini siku hiyo, mzazi anajulishwa, na harudi kwenye mapambano bila ruhusa ya daktari. Akitapika mara kwa mara, akipoteza fahamu, akipata degedege, akizidi kusinzia au maumivu ya kichwa yakiongezeka, anapelekwa hospitali bila kuchelewa. Mwalimu anayejibu kwamba "huwa wanazoea" hafai kukabidhiwa mtoto wa mtu.

Wanapopambana, tazama wamepangwaje. Uzito utangulie rangi ya mkanda. Katika kushikana, tofauti ikizidi takriban asilimia 10, yule mwepesi anajifunza kuvumilia tu. Kila mtoto ajue kugonga mara mbili kuomba kuachiwa, na anayegongewa aachie papo hapo. Kunyonga na kukunja viungo kusubiri umri mkubwa.

Hatua ya 6: Uliza kuhusu mwalimu na mikanda

Uliza mambo manne: alipata mkanda wake kwa nani, klabu imesajiliwa na shirikisho gani la mchezo huo, ana mafunzo gani ya kufundisha watoto, na ana cheti cha huduma ya kwanza ambacho muda wake haujaisha? Kisha hakiki kwenye shirikisho lenyewe, kwani cheti kilichotundikwa ukutani si ushahidi wa kutosha. Mwalimu aliyesoma kwa uaminifu hufurahi kuulizwa.

Mikanda inayotolewa haraka ni dalili ya biashara. Shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Brazili lina mikanda ya watoto ya rangi ya kijivu, njano, chungwa na kijani, na mkanda wa bluu hautolewi kabla ya miaka 16. Katika taekwondo, Kukkiwon ya Seoul, makao makuu ya mchezo huo duniani, huwapa watoto wa chini ya miaka 15 daraja la poom, yaani mkanda mweusi wa watoto, badala ya dan, daraja la mkanda mweusi la wakubwa. Vyombo hivi vimetambua kwamba mtoto hodari bado ni mtoto. Klabu inayoahidi mkanda mweusi kwa tarehe maalumu inauza kitambaa.

Uliza pia kuhusu mashindano. Mwaka 2022 shirikisho la judo la Japani lilifuta mashindano ya kitaifa ya watoto wa shule za msingi kwa sababu ya tamaa ya ushindi iliyopita kiasi, ikiwamo watoto kulazimishwa kupunguza uzito. Mtoto wa miaka 10 hafungi kula ili aingie kundi la uzito mdogo. Mwalimu akilitaja hilo kama jambo la kawaida, umepata jibu lako.

Hatua ya 7: Ulinzi dhidi ya unyanyasaji

Usitegemee sifa za mtu. Tegemea taratibu. Mtu mzima asibaki na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Mwalimu asimwandikie mtoto ujumbe wa siri kwenye simu, mzazi awemo. Chumba cha kubadilishia nguo kisiwe cha watoto na watu wazima kwa pamoja. Safari za mashindano ziwe na zaidi ya mtu mzima mmoja, na malazi yajulikane mapema. Mguso wa kurekebisha mkao ufanyike mbele ya wote, baada ya kumwambia mtoto. Uliza pia malalamiko hupelekwa kwa nani kama mlalamikiwa ni mwalimu mkuu mwenyewe. Pasipo na jibu, pana pengo.

Hatua ya 8: Jumlisha gharama za mwaka

Ada ya mwezi ni sehemu tu. Ongeza kiingilio, sare, ada ya shirikisho, bima, mitihani ya mikanda, vifaa vya kinga na mashindano. Omba orodha kwa maandishi. Mkataba wa mwaka usiutie saini siku ya jaribio, na usome kifungu cha mtoto akiugua au mkihama.

Sare usinunue mwezi wa kwanza, suruali laini na fulana zinatosha. Ukinunua, chagua ukubwa unaozidi kimo chake kidogo, kwani pamba husinyaa. Kinga ya meno ni lazima pambano linapoanza, na kwa mtoto anayebadilisha meno itahitaji kubadilishwa mara kwa mara.

Hatua ya 9: Jaribio na miezi mitatu ya kwanza

Mpeleke kwenye vipindi viwili au vitatu vya jaribio. Njiani kurudi, badala ya kumuuliza kama amefurahia, muulize leo mwalimu alimsaidia nani, na ni nani alikosea na ikawaje.

Baada ya wiki 12, muombe akuonyeshe vitu vitatu: kuanguka, mkao wa kusimama, na mbinu moja polepole. Asipoweza hata kimoja, zungumza na mwalimu kabla ya kulipa tena. Uchovu, ugumu wa misuli na kusitasita siku za baridi ni vya kawaida. Maumivu ya kichwa, maumivu ya kiungo yanayorudi palepale, kukojoa kitandani kulikoanza upya, au kukataa ghafla kubaki na mtu fulani si vya kawaida. Ukiona mojawapo ya hivyo, msimamishe kwanza siku hiyohiyo, kisha ndipo uulize.