Pudingi za Yorkshire: laumu moto kabla ya kulaumu rojo

Pudingi zangu za kwanza zilitoka kwenye oveni zikiwa bapa, nzito, na zimelowa mafuta chini, zote kumi na mbili, utadhani nimekata soli za ndara. Mume wangu alikula mbili kwa heshima ya ndoa. Zilizobaki niliziangalia tu, kisha nikafanya kile ambacho karibu kila mpishi hufanya: nikaanza kuchezea rojo, yaani ule mchanganyiko wa unga, mayai na maziwa. Leo nimeongeza yai, kesho nimepunguza maziwa, keshokutwa nimetia bekingi pauda. Imenichukua Jumapili nyingi kukubali kwamba rojo halikuwa na neno tangu mwanzo. Mshtakiwa halisi alikuwa oveni.

Kwa asiyezijua, hizi ni pudingi za Uingereza zisizo na sukari, zinazoliwa na nyama ya ng'ombe ya kuoka na mchuzi wake. Unga, mayai, maziwa, chumvi, basi. Hapo zamani nyama ilikuwa ikizungushwa mbele ya moto, na chini yake panawekwa chombo chenye rojo ili mafuta yanayodondoka yasipotee. Mwaka 1747 Hannah Glasse aliiandika katika kitabu chake cha mapishi kwa jina la Yorkshire, eneo la kaskazini mwa Uingereza, na jina likaganda. Ilikuwa desturi kuitanguliza mezani ikiwa na mchuzi, watu washibe kidogo kabla ya kufika kwenye nyama, maana nyama ndiyo iliyokuwa ghali.

Sasa tuingie jikoni.

Umeona kwamba sikutaja hamira. Kinachoinua pudingi hizi ni maji yaliyomo ndani ya maziwa na mayai. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke huo ukinaswa ndani ya rojo linalovutika, unalisukuma juu kama shavu la mtu anayepuliza. Wakati huohuo mayai na wanga vinaanza kushika na kuwa ukuta. Ni mashindano. Moto ukiwa mkali, mvuke unasukuma kwanza, ukuta unakauka baadaye. Moto ukiwa wa kusuasua, rojo linashika kabla halijasukumwa, na hapo ndipo zinapopatikana zile soli zangu.

Nilinunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni. Kitufe kilisema 220. Kipimajoto kikasema 185. Miaka yote hiyo! Kama huna kipimajoto, angalau usiiamini taa ya oveni inapozimika. Taa inakuambia hewa imepata moto, haikuambii kama kuta na rafu zimepata. Mimi huwasha nusu saa kabla. Unachotaka ni nyuzi 220 hadi 230, au 200 hadi 210 ikiwa oveni yako ina feni.

Kisha nikafanya jaribio moja ambalo ningependa kila mwenye shaka alirudie. Bakuli moja la rojo, trei mbili ndogo zinazofanana. Trei ya kwanza ilikaa na mafuta yake ndani ya oveni dakika kumi na mbili. Ya pili niliitia mafuta palepale mezani, nikamimina rojo, zikaingia pamoja kwenye rafu moja. Zile za mafuta ya moto zilipanda vidole vinne juu ya ukingo, katikati zikabonyea kama bakuli, vilevile inavyotakiwa. Za mafuta baridi zilivimba kidogo kwa aibu, zikashikamana na trei, ikabidi nizing'oe kwa kisu. Rojo lilelile, unga uleule, mkono uleule. Tangu siku hiyo sijabishana na mtu kuhusu idadi ya mayai.

Lakini vipimo lazima viwepo. Changu hakihitaji mizani. Pasua mayai 4 ndani ya glasi iliyonyooka, angalia yamefika wapi (kwa kawaida karibu mililita 200), kisha pima maziwa yafike hapohapo na unga wa ngano wa kawaida ufike hapohapo. Unga huo utakuwa kama gramu 120. Nusu kijiko cha chai cha chumvi. Zinatoka pudingi 12. Ukitaka ziwe kavu zaidi na zenye kuvunjika mdomoni, ondoa robo ya maziwa uweke maji. Maziwa matupu yanaleta rangi nzuri lakini pia ulaini. Maji yanaleta ukavu. Mimi nachanganya, kwa sababu binti yangu anapenda ukingo na mume wangu anapenda kitako.

Tia unga na chumvi kwenye bakuli, fanya shimo katikati, mwaga mayai humo, koroga kuanzia katikati ukienda pembeni. Litakuwa zito, na ndivyo unavyotaka: madonge huvunjika vizuri rojo likiwa zito, lakini ukishatia maziwa yote, madonge yanaelea tu yakikukimbia. Likishalainika ndipo uongeze maziwa kidogokidogo. Acha ukitosheka kwamba limekuwa kama uji mwepesi, ukichovya kijiko linakipaka mgongo, na ukipitisha kidole mstari unabaki. Usijichoshe kulipiga mpaka litoe povu. Povu hilo halina kazi hapa. Lichuje, lipeleke kwenye jagi lenye mdomo.

Halafu liache. Nusu saa ni kima cha chini. Usiku mzima kwenye friji ni bora zaidi. Unga unakunywa maji vizuri, ule mvutano uliotokana na kukoroga unalegea, na rojo linanyumbuka badala ya kukaza. Asubuhi utakuta limejitenga au limefifia rangi juu. Halijaharibika, likoroge tu. Mimi hulitoa kwenye friji kama nusu saa kabla ya kulitumia, kwa kuwa sioni sababu ya kuhangaika kuchemsha mafuta halafu niyamwagie barafu.

Kuhusu bekingi pauda niliyoitia ile siku: pudingi zilitoka kama keki ndogo zisizo na sukari. Zinatafunika, lakini si zenyewe. Bekingi pauda hujaza rojo viputo vidogo vingi, wakati sisi tunataka pango moja kubwa lenye kuta kavu. Ndiyo sababu pia unga uliokwisha changanywa na bekingi pauda kiwandani haufai.

Mafuta. Waingereza wa zamani hutumia yale yaliyotoka kwenye nyama ya ng'ombe, na kwa ladha hakuna yanayoyashinda. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanafanya kazi vizuri kabisa. Siagi hapana, itaungua na kuwa nyeusi kabla moto haujafika unapotaka. Mafuta ya zeituni yasiyosafishwa nayo hutoa moshi mapema. Kijiko kimoja cha chai kwa kila kishimo kinatosha. Trei iwe ya chuma, na ile nyeusi iliyochakaa inashinda mpya inayong'aa. Za silikoni hazishiki joto. Chombo cha kioo usikiguse kabisa. Rojo la baridi kwenye kioo cha moto linaweza kukipasua.

Basi imefika dakika yenyewe, na hapa naomba twende polepole kwa maneno ili wewe uende haraka kwa mikono.

Trei imekaa ndani na mafuta yake dakika kumi hadi kumi na tano. Ukichungulia unaona mafuta yanacheza juu, yanatetemeka, pengine yameanza kufuka uzi mwembamba wa moshi. Mtoto asiwe karibu. Mikono ya nguo iwe mirefu. Jagi tayari liko pembeni, limekorogwa, mdomo umeelekea kwako. Vuta trei, iweke juu ya jiko, funga mlango wa oveni mara moja ili moto usitoroke. Dondosha tone moja: linatakiwa kulia *chwaaa* na kingo zake kuwa nyeupe hapohapo. Likikaa kimya, rudisha trei, usijidanganye. Likilia, mimina kwa mfululizo, kila kishimo kati ya theluthi na nusu, bila kurudi nyuma kusawazisha. Utaona rojo likisukuma mafuta pembeni, na mafuta yakipanda juu ya kingo. Hilo ndilo linalofanya kingo zipande na katikati pabaki chini. Nikihesabu moyoni, nafika ishirini na tano hivi na trei imesharudi ndani. Chini yake niwe nimetanguliza sinia pana la kukinga mafuta yatakayodondoka, la sivyo jikoni patajaa moshi.

Kuanzia hapo, dakika ishirini mlango haufunguliwi. Binti yangu huvuta kigoda akakaa mbali kidogo mbele ya kioo cha oveni, akitangaza kama mpira. Dakika ya tano hakuna kitu. Dakika ya nane kingo zinaanza kujikunja. Kufika ya kumi na mbili moja imeinama kama kofia ya mlevi, nyingine imesimama wima. Zinapinda kwa sababu oveni nyingi zina upande mmoja wenye moto zaidi. Usijali, zilizopinda ndizo zinazogombewa.

Dakika ya ishirini angalia rangi. Karibu kila mtu huzitoa mapema kwa woga wa kuziunguza. Dhahabu haitoshi, subiri hudhurungi iliyokolea hadi kwenye mashavu, si kwenye kingo tu. Kama mashavu bado yamepauka, kuta zina maji, na mvuke ukipoa ndani zitanywea mbele ya macho yako. Dakika ishirini na tano si nyingi. Zikishakuwa tayari, zichome kila moja kwa ncha ya kisu ubavuni ili mvuke utoke, zima oveni, zirudishe dakika tatu mlango ukiwa wazi kidogo.

Rojo hilihili linaweza kwenda kwenye sinia moja kubwa lenye kina: kaanga soseji humo ndani ya oveni mpaka zipate rangi, mimina rojo juu yake, oka dakika thelathini na tano hivi. Wamarekani nao wana ndugu yake huyu, wanaita popover, wanaoka kwenye vikombe virefu na mara nyingi siagi iliyoyeyuka wanaichanganya ndani ya rojo.

Zikibaki (kwetu hazibaki, lakini kwa wenye familia ndogo), zipashe oveni nyuzi 200 dakika nne au tano, zitakauka tena. Maikrowevu itazifanya mpira. Zinakubali pia kugandishwa, na moja yenye asali kidogo ndani yake ni kifungua kinywa kizuri kuliko inavyosikika.

Jambo la mwisho ni la ratiba, na ndilo lililonitatiza kuliko mapishi yenyewe: nyama inataka moto wa wastani, pudingi zinataka moto mkali, na oveni ni moja. Nyama ikiiva, itoe, ifunike, iache ipumzike. Itakaa kama dakika arobaini bila kupoa sana, tena itakatika vizuri zaidi. Muda huo ni wa pudingi: pandisha moto, ingiza trei na mafuta, na mchuzi uuandae kwenye sufuria wakati unasubiri. Watu wawe wameshakaa mezani kabla hujafungua mlango, mikono wameshanawa.