Taa Iko Mbali Mno: Kosa Linaloua Miche ya Deilili Ndani ya Nyumba

Wanaokuza miche ya deilili (ua la bustani liitwalo daylily kwa Kiingereza) ndani ya nyumba wakati wa majira ya baridi wanaendelea kurudia kosa lile lile: taa inatundikwa juu kabisa, nusu mita au zaidi kutoka kwenye trei, kisha mwenye miche anashangaa kwa nini imelala. Mbegu mmezihifadhi vizuri kwenye unyevu na baridi ya friji, zimeota, udongo ni safi. Mnakuja kupoteza kila kitu kwa sababu ya sentimita chache.

Kinachowadanganya wengi ni umbo la mmea wenyewe. Majani ya deilili ni marefu na membamba kwa asili, kwa hiyo mche unaotafuta mwanga unaonekana kama mche unaostawi. Mtu anaona majani ya sentimita 25 baada ya wiki chache, anafurahi. Huo si ustawi. Mche umetumia akiba yake kurefuka, shina la chini limebaki jembamba kama uzi, na mizizi ni haba. Majani yakizidiwa na uzito wake hulala juu ya udongo wenye maji, hapo kinyaushi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche michanga, kinaingia, na trei nzima inaweza kwenda.

Kwa taa ndefu za tyubu, acha sentimita 5 hadi 8 kati ya taa na ncha ya jani lililo refu kuliko yote. Nasema ncha ya jani, si ukingo wa trei wala udongo! Chukua rula upime. Usikisie kwa macho, kwa sababu macho yetu huzoea mwanga hafifu na kuuona unatosha. Ukiongeza umbali mara mbili chini ya tyubu, mwanga hupungua karibu nusu. Chini ya balbu moja hupungua hadi karibu robo. Taa za LED zenye nguvu ni jambo jingine: fuata umbali ulioandikwa na mtengenezaji, maana hizo zikikaribia mno huunguza majani na kuyafanya meupe.

Tundika taa kwa minyororo, ili uipandishe kidogo kidogo. Pima upya kila wiki.

Shida huja kwa sababu mbegu za deilili hazioti zote siku moja. Trei moja huwa na mche wa sentimita 12 na mwingine ndiyo kwanza unachomoza. Hapo wengi huinua taa kumfuata mrefu na kuwaacha wadogo gizani. Fanyeni kinyume: taa ibaki chini, vyungu vya miche midogo viinuliwe juu ya vipande vya mbao au matofali. Miche mirefu ikatwe majani kwa mkasi safi, ibaki na sentimita 10 hivi. Usiogope, jani la deilili hukua kutokea chini, kwa hiyo litaendelea. Zungusha pia nafasi za vyungu kila wiki, kwani ncha za tyubu hutoa mwanga hafifu kuliko katikati, na tyubu ya zamani hufifia muda mrefu kabla haijaungua.

Saa za kuwasha ni 14 hadi 16 kwa siku, kisha giza. Tumia taima. Kuna wanaoacha taa iliyo mbali iwake usiku kucha wakidhani saa nyingi zitafidia umbali. Acheni. Mche uliorefuka hausaidiwi na taa ya usiku kucha, na wala usiuongezee mbolea: mbolea bila mwanga wa kutosha huzidisha ulegevu ule ule. Mbolea ya maji ianze mche ukiwa na majani matatu, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji yatiwe kwa chini, kwenye trei, na udongo wa juu ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena.

Mwenye paka ndani ya nyumba aiweke miche chumba kinachofungwa. Deilili ni sumu kali kwa paka, hata jani dogo huweza kuharibu figo zake, na akitafuna apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja.

Mche mzuri una shina nene chini na majani yaliyosimama yenyewe.

Baridi kali ikipita, usiitoe miche moja kwa moja juani. Siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, halafu ongeza kila siku kwa siku 7 hadi 10, na usiku irudi ndani hadi tishio la barafu liishe.